Chubwi iliyobaki mfukoni

Mimi ni mtoto wa Pangani. Mshipi wa kuvulia nimeushika kabla ya kalamu. Kwa hiyo nilipohamia Uskoti kikazi, nikasikia mto Tweed pale Peebles una trauti wa kahawia, nikajisemea: samaki wa mtoni ataniweza nini?

Aliniweza. Msimu wao hufunguliwa 15 Machi na kufungwa 6 Oktoba, nami Aprili yote niliimaliza bila kuona hata mkia. Uskoti hakuna leseni ya serikali ya kuvua kwa fimbo. Unamlipa mwenye haki ya kile kipande cha mto. Nilikata kibali cha siku mara tatu. Kiliruhusu nzi wa bandia tu, yaani ndoano iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu, na mimi nikamwona huyo nzi mwepesi mno, nikamfungia chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi. Maji yanafika gotini, meupe mpaka kokoto unazihesabu, na mimi natupa risasi pwaa!

Jirani yangu mmoja, mzee wa makamo ya baba, alicheka mpaka kofia ikamvuka. "Itoe hiyo. Uzito uko kwenye mshipi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Baharini chubwi ndiyo inayouvuta mshipi. Huku mshipi wenyewe ni mnene na mzito, nao ndio unaombeba nzi. Unaupeleka nyuma ya bega, unangoja ujinyooshe wote hewani, ndipo unausukuma mbele. Huko kungoja kulinitoa jasho jioni za wiki mbili, uwanjani, bila ndoano. Ukifanya pupa, mshipi unalia kama mjeledi.

Tena kuna namna ya kumwendea. Trauti hukaa ameelekeza kichwa maji yanakotoka, akingoja wadudu waletwe. Basi unamjia kwa nyuma, ukipandisha mto, umeinama, kivuli kisikutangulie. (Baadaye nikajua kwamba mwaka 1905 mayai yao yalitolewa ziwa Loch Leven, huku huku Uskoti, yakapelekwa Kenya mpaka mto Gura, milima ya Aberdare. Kumbe aibu hii ningeimalizia kwa majirani!)

Jioni moja ya Mei, saa mbili na jua bado lipo, niliona kiduara nyuma ya jiwe, kama tone la mvua limeanguka. Nikamtupa nzi hatua mbili juu yake, maji yanakotoka. Akaelea. Akaelea. Ikachomoza pua, na nzi hayupo.

Alikuwa shibiri moja na ushee. Mgongo wa kahawia, ubavu wa manjano, madoa mengine mekundu ya hina, mengine meusi ya piko, na mengi yamezungushiwa duara jeupe. Nililowesha mkono kwanza, maana mkono mkavu unamvua ute unaomkinga na maradhi. Nikamshikilia ndani ya maji, kichwa kikiukabili mkondo, mpaka akapiga mkia mwenyewe akaenda.

Usiku nikampigia baba.

"Umepata wangapi?"

"Mmoja, baba."

"Mkubwa?"

"Shibiri."

"Mmempikaje?"

"Nimemrudisha mtoni."

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Na kibali ulilipia?"

"Nililipia, baba."

"Haya mwanangu," akasema. "Ngoja nikupe mama yako."