Nilivyofanikiwa kumwona chozi mabawa ya dhahabu akila, tena kwa karibu

Wadau, kama unataka kumwona huyu ndege vizuri usihangaike kumfuata, tafuta maua yake ukae hapo, atakuja mwenyewe. Mi ndo nilivyofanya huku kwetu juu ya Naivasha, kwenye baridi, maana huyu ni wa nyanda za juu.

Ua lenyewe ni Leonotis, lile la rangi ya chungwa linalozunguka shina kwa mafungu mafungu yenye miiba, linaota sana kando ya mashamba. Nilichagua kichaka kilichochanua haswa, nikawa naenda alfajiri nimevaa jaketi la kijani, nakaa chini kimya, simu iko sailenti. Basi dume akaja, mweusi mwenye kung'aa, mabawa na mkia una manjano ya dhahabu, mdomo umepinda kama mundu. Wale ndege wadogo wa Amerika wanaonyonya maua huku wanaelea hewani ni ukoo mwingine, huyu wetu kwa kawaida anatua kwanza, anashika shina kwa kucha, anaingiza mdomo kwenye ua moja baada ya jingine fasta fasta, akiinua kichwa unaona chavua imemganda kwenye paji la uso. Jamani ni mzuri huyu ndege!

Na kilichonisaidia zaidi ni kujua kwamba analinda maua yake. Chozi mwingine akisogea tu anafukuzwa mbio, halafu mwenyewe anarudi palepale, kwa hiyo ukishajua kichaka chake umempata. Mwaka 1975 watafiti wa ndege, Gill na Wolf, walichapisha utafiti wao kuhusu hawa hawa wa Kenya, waliona eneo la mmoja linaweza kuwa dogo au kubwa sana lakini maua ndani yake yanakaribia 1,600, yaani nekta (yale maji matamu ya ua) ya kumtosha siku nzima. Maua yakiwa machache sana au yamejaa kila mahali hasumbuki kulinda, haimlipi.

Wadudu na buibui pia anakula.

Shida ilikuwa panga, watu wanafyeka hayo maua wakidhani ni magugu tu. Nikamfuata mzee mwenye shamba, nikamwambia shikamoo mzee, naomba uniachie yale ya kwenye fensi, ndege wanayategemea. Akasema, "Hayo hayanisumbui mwanangu, yaache." Mpaka leo yapo, na dume bado anayalinda.