Kaburi la bibi yake Bibi

Jumapili iliyopita nilipita nje ya kanisa moja misa ikiendelea, harufu ya ubani ikanikuta barabarani. Nikasimama. Papo hapo nikawa Mtandi, Masasi, mtoto wa shule ya msingi, Bibi kanishika mkono tunatoka kanisani kwenda makaburini.

Ilikuwa Siku ya Marehemu, Novemba, mvua bado. Kwetu mwezi huo miamba huwaka joto hata kuikaribia ni shida. Mahubiri sikumbuki, padre simkumbuki. Nakumbuka kisu.

Bibi alikitoa jikoni asubuhi, akakiviringisha kwenye pindo la khanga. Alipiga magoti penye kaburi lisilo na msalaba, mawe tu yamepangwa kuzunguka, akaanza kung'oa ndago. Hakukata juu juu. Alifukua taratibu mpaka akaufikia ule mzizi mweusi wa duara, akaupangusa udongo kwa kidole gumba, akauweka kando juu ya jani la mkorosho. Halafu mwingine. Halafu mwingine. Nikamuuliza nani kalala pale.

"Bibi yangu mimi," alisema, macho yapo kwenye udongo. "Alikuja kwa miguu kutoka Lindi, na Askofu."

"Alikuwa anahamia huku?"

"Wala. Alikuwa anarudi kwao, Nyasa. Hakufika."

Kisu kikatulia. Akaniambia bibi yake alikamatwa angali mdogo sana, hata jina la kijiji likampotea. Lililobaki ni jina la mama yake, na kwamba ukisimama mlangoni kwao uliyaona maji. Watu wakimuuliza kwao ni wapi, humtaja mama. Bibi alinitajia jina hilo mara mbili, akanitaka nilirudie. Nikalirudia. Akaendelea na ndago zake.

Mengine niliyajua ukubwani. Askofu mwenyewe ni Edward Steere wa UMCA, shirika la wamisionari wa Kianglikana, yule yule aliyejenga kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa, wengi asili yao upande wa Ziwa Nyasa, akikusudia kuwafikisha huko. Walipofika Masasi wakaona ardhi nzuri na maji, wakaomba wabaki. Ndivyo misheni ilivyoanza. Mwaka 1882 Wangoni wakaivamia, wakachukua mateka watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja. Mwaka 1905, wakati wa Majimaji, misheni ikachomwa moto. Watu wakatawanyika, na wapo waliorudi wakajenga tena.

Hao ndio tunaowaita waanzilishi, na jina hilo nalipenda, ingawa Wamakua na Wayao walikuwapo kabla yao na ndio waliowapokea. Ninachokirudia kichwani ni kile kituo chenyewe. Mtu katembea siku nyingi akiwa na tumaini moja tu, kurudi nyumbani, kisha katikati ya njia anasema basi, pawe hapa. Sijui kama ilikuwa furaha au uchovu. Pengine aliona kwamba hata akifika ziwani hatajua mlango upi ni wa kwao. Nimewahi kuwaza kwamba kanisa lile la mawe ndilo lililokuwa mlango wao, halafu namkumbuka Bibi na kisu chake, nashindwa kulisema hilo kwa uhakika.

Mwaka huu ukoo umechanga kulijengea kaburi lile kwa saruji. Shangazi anataka paandikwe kwamba alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Masasi. Baba mdogo anakubali, ila neno utumwa lisionekane popote, maana alipokuwa shuleni walimcheka kwa hilo na bado linamuuma. Namwelewa. Mimi nimeomba liandikwe jina la mama yake, lile alilolitaja kila alipoulizwa kwao. Nimeambiwa si desturi, kaburini huandikwa ubini wa baba. Lakini jina la baba hatunalo, na hili tunalo. Shangazi amekubali kulipeleka kwa wazee mwisho wa mwezi. Mimi nitasafiri niwepo, kwa sababu nina hakika wakinisikia nikilitamka watalikubali, na fundi anataka maneno kabla mvua hazijaanza.