Siku wakaguzi wa nyota walipotuuliza funguo ziko wapi

Ukaguzi niliouzoea tangu naanza kazi ya uuguzi ulikuwa wa stoo. Watu wa manispaa wanakuja na leja zao, wanahesabu vidonge, wanalinganisha na kadi, na pakionekana upungufu mganga mfawidhi anaandika barua ya kujieleza. Siulaumu ukaguzi huo. Dawa za umma huibwa, na lazima awepo mtu wa kuulizwa. Lakini ulitujengea tabia moja mbaya, ya kufunga. Kwenye zahanati niliyokuwa nikifanya kazi, upande wa Temeke, kila mlango ulikuwa na kufuli na kila kufuli lilikuwa na mwenyewe. Kitu kikipotea tulijua nani ataulizwa. Mgonjwa akikikosa, haulizwi mtu.

Mwaka 2015 serikali ikaanza tathmini ya nyota kwa vituo vya afya ya msingi, ikiwa sehemu ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, za serikali na za binafsi, vilipimwa katika maeneo 12, kuanzia uongozi na matumizi ya takwimu hadi kinga dhidi ya maambukizi, dharura na rufaa, na namna mgonjwa anavyopokelewa. Ukishapimwa unapewa daraja, sifuri hadi nyota tano. Lengo lililotangazwa lilikuwa kwamba ifikapo Juni 2018 vituo 80 katika kila 100 viwe na nyota tatu au zaidi.

Sisi tulifikiwa katika mzunguko ule wa kwanza, wakati wa masika, barabara ya kuja kwetu imejaa tope hata bajaji zinakataa abiria. Habari zilitutangulia kutoka zahanati ya jirani, kwa hiyo wiki nzima tulikuwa mbioni. Ukutani tulikuwa na bango la siku nyingi lenye zile S tano za kupanga mahali pa kazi, Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, tukaanza kulisoma upya. Tulisasambua stoo. Vitanda viwili vilivyovunjika na mizani mibovu vilibaki palepale kwa sababu ni mali ya serikali na kuviondoa kunahitaji kibali, lakini makaratasi yalitoka magunia kwa magunia. Ndoo za taka tukazipanga kwa rangi zake, nyeusi ya taka za kawaida, ya njano ya taka zenye maambukizi, nyekundu ya zile za hatari zaidi, na boksi la sindano pembeni. Siku ile asubuhi zahanati iling'aa. Mganga mfawidhi alivaa koti jipya.

Walikuja watatu. Mkubwa wao alikuwa mama wa makamo, muuguzi kama mimi, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba. Sehemu kubwa ya asubuhi ilipita kama tulivyotarajia. Walichukua kitabu cha MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, namba 5 cha wagonjwa wa nje, wakahesabu wagonjwa wa malaria mstari kwa mstari kwa mwezi mmoja, wakalinganisha na ripoti tuliyoituma manispaa. Namba hazikukubaliana, wakaandika. Wakamuuliza mama yetu wa usafi anachanganyaje klorini, naye akajibu bila kusita, kwa asilimia 0.5, na kwamba vifaa vinaloweka dakika kumi. Wakaandika na hilo.

Saa nane na nusu mchana yule mama akaniita chumba cha kujifungulia. Kitanda kilikuwa kitupu. Akachukua mto, akaulaza katikati ya kitanda, akaufunika shuka.

"Sista," akaniambia, "huyu mama amejifungua sasa hivi. Kondo limetoka lote, damu haikati. Mko wewe na mwenzako. Fanyeni kama siku zote, mimi natazama tu."

Akatazama saa yake ya mkononi.

Damu baada ya kujifungua naijua vizuri. Ndiyo iliyokuwa ikituulia kina mama kuliko sababu nyingine yoyote, na tumefundishwa kwamba mama mwenye afya njema anaweza kufa ndani ya saa mbili asiposaidiwa. Mikono yangu haikuhitaji kufikiri. Nikaanza kusugua mfuko wa uzazi juu ya ule mto, nikamwambia mwenzangu alete oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu ikate, pamoja na kanula na dripu.

Oksitosini hutunzwa kwenye ubaridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Zahanati nzima ilikuwa na friji moja, ya chanjo, nayo iko chumba cha kliniki ya watoto, upande wa pili wa korido. Kliniki ilikwisha saa nane na chumba kilikuwa kimefungwa. Ufunguo alikuwa nao dada wa chanjo, na dada wa chanjo alikuwa njiani kwenda manispaa kufuata chanjo. Ufunguo wa akiba ulikuwa kwenye droo ya mganga mfawidhi. Mwenzangu akakimbia. Droo nayo ilikuwa imefungwa, na mfawidhi alikuwa nyuma ya jengo anamwonyesha mkaguzi mwingine shimo la kondo. Akaitwa, akaja anapapasa mifuko ya lile koti jipya, akakumbuka funguo zimebaki kwenye koti la zamani. Dripu zilikuwa kwenye kabati la stoo ndogo, ambalo ni ufunguo mwingine tena. Muda wote huo mimi nipo juu ya mto nasugua, jasho linanitoka, nasikia sandali za mwenzangu zikipiga korido kwenda na kurudi. Nilisahau kwamba ni mto. Nasema kweli, nilianza kumwomba Mungu.

Sindano ilipofika mkononi mwangu yule mama akatazama tena saa. "Dakika tisa," akasema. Hakupandisha sauti. "Dawa mnayo, haijaisha muda, imetunzwa vizuri, na mnajua kuitumia. Lakini mgonjwa ameisubiri dakika tisa. Na huu ni mchana, mko watumishi saba. Usiku mnakuwa wangapi?"

Usiku tulikuwa wawili, muuguzi mmoja na mama wa usafi.

Akaendelea kuuliza kwa upole uleule. Damu isipokata mnampeleka wapi? Hospitali ya Temeke. Kwa usafiri gani? Gari la wagonjwa la manispaa likichelewa tunamwita kijana wa bajaji wa hapo kijiweni, hata saa nane za usiku anakuja. Namba yake iko wapi? Kwenye simu yangu. Na ukiwa likizo, sista?

Zipo tathmini nyingi nilizopitia baadaye, na nyingi zimeniacha na makaratasi tu. Hii imebaki kwa sababu iliuliza swali ambalo ukaguzi wa stoo haukuwahi kuuliza: je, kitu hiki kinamfikia mgonjwa kwa wakati? Leja yetu ya oksitosini ilikuwa safi. Mkaguzi wa hesabu angetupongeza.

Jioni ukafanyika mrejesho kwenye benchi za wagonjwa, wajumbe wa kamati ya zahanati wakiwa wameitwa. Kabla ya kusoma alama, wakaomba sanduku la maoni lifunguliwe. Lilikuwa limetundikwa juu mno, karibu na dari, na ufunguo wake hakuna aliyeukumbuka. Mzee mmoja wa kamati, fundi seremala, akalifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na vikaratasi vingi kuliko nilivyodhani, vingine vimefifia. Wakasomewa watu wote. Kimoja kiliandikwa kwa penseli, herufi kubwa kubwa: "CHOO CHETU MMEFUNGA CHENU KIKO WAZI." Kingine kiliuliza kwa nini mama mjamzito asemeshwe mbele za watu kuhusu majibu yake. Kingine kilikuwa cha shukrani, kinamshukuru mama wa usafi kwa kumkalisha mgonjwa kwenye kiti chake mwenyewe. Mama wa usafi alijifunika uso kwa khanga.

Kisha alama. Sifuri, hata nyota moja hatukupata. Nilikuja kujua baadaye kwamba karibu theluthi moja ya vituo vilivyopimwa nchini mzunguko ule viliangukia hapohapo, ila pale kwenye benchi tulijiona peke yetu. Mganga mfawidhi akasimama, akasema kwa uchungu: watumishi wachache, maji ya bomba yanakuja yanavyotaka, fedha za kituo zinapitia mkono huu na ule kabla hazijatufikia, na mtu akikosea dozi moja kwenye leja anaandikiwa barua. Alichosema kilikuwa kweli tupu. Mkaguzi hakumbishia. Alimwambia, "Daktari, hayo yote tumeyaandika, na ngazi ya juu nayo itaulizwa. Sasa tuandike yenu." Wakaanza kujaza mpango wa kuboresha ubora, na hapo nilimpenda zaidi yule mama mkaguzi, kwa sababu kila mfawidhi alipotaja mhusika kuwa ni "uongozi," alikataa kuandika. Alitaka jina la mtu na tarehe.

Walipofika kwenye dharura za uzazi, akageuka akamwuliza mama wa usafi ana maoni gani. Miaka yote niliyokaa pale sikumbuki mtu kumwuliza maoni kikaoni. Akasema, "Mimi ndiye nakimbizana na hizo funguo usiku. Dawa za mama zikae chumba cha mama. Na ufunguo utundikwe mahali ambapo hata mimi nafika."

Wote tulijua ndivyo, lakini kufanya hivyo hakukuwa rahisi kama kusema. Mfawidhi aliogopa leja, na alikuwa na sababu. Oksitosini ikitoka stoo kabla ya kutumika, inahesabiwa vipi? Ilibidi mfamasia wa manispaa aje atuelekeze kufungua kadi ya pekee kwa ajili ya chumba cha kujifungulia, dawa ziandikwe kuwa zimetolewa pale, na zinazotumika zijazwe kila asubuhi. Ndipo tukatengeneza sanduku la dharura. Lilikuwa boksi la plastiki la kawaida la sokoni lenye kanula, dripu, glovu ndefu, mpira wa mkojo, magnesiamu salfeti kwa ajili ya kifafa cha mimba, na karatasi ya orodha juu ya mfuniko. Tulilifunga kwa plasta yenye tarehe na sahihi. Plasta ikiwa nzima, anayeingia zamu anajua kila kitu kimo. Oksitosini chache tukaziweka kwenye kibebeo kidogo cha chanjo chenye barafu, ikabadilishwa kila zamu. Namba ya kijana wa bajaji tukaiandika ukutani kwa rangi ya mafuta, na chini yake ya mwenzake.

Choo cha wagonjwa kilifunguliwa wiki ileile. Kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya maji, basi kamati ikaweka zamu ya kujaza pipa mpaka tulipopata tangi. Tangi lenyewe lilikuja baada ya fedha za ruzuku kuanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, mwaka wa fedha 2017/18, na kamati ilibishana vikao viwili kama zinunuliwe viti vya kungojea au tangi. Fundi seremala alishinda kwa kuahidi kutengeneza mabenchi kwa gharama ya mbao tu.

Mzunguko wa pili ulipokuja tulipata nyota mbili. Ya tatu ilizuiliwa na upungufu wa watumishi na kukosa kichomea taka, mambo ambayo zahanati haiwezi kuyamaliza yenyewe. Kuna wenzangu waliona ni uonevu. Mimi naona ilikuwa haki kuandikwa, maana kituo kikipewa nyota isiyo yake, anayetakiwa kuleta mtumishi atasema hapo mambo yako sawa.

Takwimu za kitaifa za vifo vya uzazi zimeshuka sana tangu wakati ule. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukakadiria 104. Sababu ni nyingi, ajira, vituo vipya, vyumba vya upasuaji, na sithubutu kusema ni nyota. Ninachokijua ni cha korido ile: baada ya kupanga sanduku, tulirudia zoezi la mto na sindano ikafika ndani ya dakika moja.

Sasa nipo kituo kingine, kikubwa kidogo, na zoezi hilo nimelihamishia huku. Tunalifanya kila mwezi, na hatumwambii mtu siku. Wakati mwingine mto unakuwa mama anayetoka damu, wakati mwingine mwenye kifafa cha mimba, na mama wa usafi yumo kwenye timu tangu mwanzo, anapewa kazi ya kutaja dakika kwa sauti. Tunaanza na zamu ya usiku, kwa sababu ndiyo yenye watu wachache.