Nilihesabu matapishi, nikasahau ndoo

Mbwa kutapika si habari. Kala majani, kaokota panya jalalani, katapika povu la njano alfajiri, kajilamba midomo na kwenda zake. Kipusa wangu ana miaka 11, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwita mtu kwa sababu ya matapishi.

Jumanne ile alitapika asubuhi, mchana, na usiku mara mbili. Mama akasema ni dagaa wa jana. Nami nikawalaumu dagaa. Jumatano nikamchemshia wali bila chumvi wala mafuta. Akaunusa, akageuza uso. Jirani yetu, mtu mwema kabisa, akaleta nusu kidonge cha diklofenaki: "Mpe, bibi huyo ana maumivu." Sikumpa, wala si kwa ujuzi, nilisita tu. Baadaye daktari wa mifugo aliniambia dawa za namna hiyo humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, hasa akiwa ameshaishiwa maji.

Kilichoniamsha ni ndoo. Ile ya lita 5 ninayowawekea yeye na dume langu kijana huisha kwa siku mbili. Sasa ilikuwa kavu kila asubuhi. Nikakaa barazani nikawachungulia: anayekunywa ni Kipusa, tena kama katoka jangwani. Anakunywa, anayatapika, anarudi ndooni. Na alikuwa amejikojolea pale anapolala, aibu ambayo hajawahi kutufanyia.

Nikamfunua mdomo. Fizi zimepauka. Ukibonyeza ufizi wa mbwa mwenye afya kwa kidole, weupe unaobaki hupotea ndani ya sekunde 2 hivi, wake ulichelewa. Nikamvuta ngozi ya mgongoni, ikasimama badala ya kurudi chini. Sikungoja Ijumaa. Nikaita bajaji, dereva akataka kwanza nitandike gunia, tukaenda.

Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za dagaa. Daktari hakuuliza alikula nini. Aliuliza, "Joto lake la mwisho lilikuwa lini?"

Nikakumbuka siku zake za kutaka dume, madume ya mtaa mzima yalivyojazana getini, usiku hatulali. Mwezi mmoja na nusu uliopita.

"Na hajawahi kutolewa kizazi?"

"Hajawahi, daktari."

Akambonyeza tumbo, akampiga utrasaundi. Mfuko wa uzazi ulikuwa umejaa usaha. Alinieleza kwamba kila joto linapopita, homoni huunenepesha ukuta wa kizazi kana kwamba mimba inakuja, hata kama hakupandwa. Kwa jike mzee hali hiyo imejirudia mara nyingi, na bakteria wakiingia hupata makao. Sumu yao hushambulia figo, ndiyo maana ya ile kiu na yale matapishi. Mlango wa kizazi ukiwa wazi utaona uchafu chini ya mkia. Wa Kipusa ulikuwa umefunga, hakuna tone lililotoka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu mfuko unaweza kupasukia ndani.

Niliuliza kama sindano za antibiotiki zisingetosha, maana mbwa ni mzee na pesa ya upasuaji sikuwa nayo. Alijibu kwamba umri unaongeza hatari ya usingizi wa dawa, lakini kumwacha na usaha ule ni hatari kubwa zaidi. Nikakopa kwenye kikoba. Akawekewa dripu kwanza, akapasuliwa usiku uleule.

Nyuzi zilitolewa baada ya siku 12. Siku hizi, mbwa mzee akitapika mara moja na bado ananiomba chakula, namtazama tu. Akirudia mara ya tatu siku hiyohiyo, au kukiwa na damu, au tumbo limevimba na anajikamua bila kutoa kitu, sipiki wali wowote, natafuta bajaji.

Mama amesikia maelezo yote ya daktari, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Dagaa hampi mpaka leo.