Anasema Anasafiri

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilirudi nyumbani Tanga. Ramadhani ikatukuta humo ndani, mimi na Mama, na kila usiku baada ya futari tulikaa mbele ya laptopu yangu kutazama Hi Bye, Mama!, sizoni ya Kikorea yenye vipande 16. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza. Mama Kiingereza hajui, kwa hiyo mtafsiri nikawa mimi.

Cha Yu-ri anapata ajali ya gari akiwa mjamzito. Mtoto anaokolewa, yeye anakufa, lakini haendi kokote. Miaka inapita kamganda mwanawe kama kupe. Kisha anarudishiwa mwili kwa siku 49, na mumewe keshaoa. Nikamweleza Mama kwamba 49 ni hesabu ya Wabudha, siku ambazo roho ya marehemu huwa bado njiani.

“Kumbe na wao wana arobaini yao,” akasema. “Wameongeza siku tisa tu.”

Mizimu ilimchekesha mno. Inakaa pale yanapohifadhiwa majivu ya marehemu, kila mmoja na kijikabati chake cha kioo, inasengenyana na kugombana kama wapangaji wa nyumba moja. “Hawa wamekufa, mdomo umebaki.”

Sikuwa nimefikiri vizuri nilipomchagulia hadithi ile. Dada yangu alifariki akijifungua, miaka mitatu nyuma. Shemeji alikuwa keshaoa, na simu za yule mke mpya Mama hakuzipokea. Nilitegemea amtukane Min-jung, mama wa kambo wa kwenye sizoni. Wala. Alipomwona anavyohangaika na mtoto asiye wake, alisema tu, “Maskini, na huyu naye,” akaendelea kuchambua choroko za kesho.

Kipande cha mwisho nilikuwa nimeshakitazama peke yangu. Yu-ri akibaki duniani, mwanawe ataona mizimu maisha yake yote. Kwa hiyo anaondoka. Mdomo ukawa mzito.

“Anasema anasafiri,” nikatafsiri.

Mama alikitazama kioo kitambo. “Safari gani hiyo, watu wanaagana kama wanazikana? We mtoto, tafsiri sawasawa.”

Nikatafsiri. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena.

“Rudisha nyuma, pale alipokutana na mamake,” akasema. “Na usinitafsirie.”