Usiku Nilipoiondoa Sauti ya Msingi

Mwaka 2009 nilijifungia studioni usiku kucha nikiwa na rekodi moja tu: sauti ya marehemu mama akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto, wimbo unaoishia kwenye noti moja ndefu aliyoivuta kwa sekunde tisa hivi. Aliyenitia hamu ya jaribio lile ni Halim El-Dabh, mtunzi wa Misri ambaye mwaka 1944, jijini Kairo, aliazima kinasa sauti cha waya, akarekodi wanawake wakiimba katika sherehe ya zaar ya kupunga pepo, kisha akaziondoa sauti za msingi, yaani zile za chini kabisa katika kila noti, na kubakiza zile zinazoelea juu yake. Alifanya hivyo miaka minne kabla ya majaribio kama hayo ya Mfaransa Pierre Schaeffer kusikika redioni mjini Paris mwaka 1948, na huniuma kila ninapoona historia ya muziki wetu huu wa kugeuza sauti zilizorekodiwa ikianziwa Paris.

Noti ya mama ilikuwa na mtetemo wa msingi wa mara 220 kwa sekunde, na juu yake zilipangana 440, 660, 880 na kuendelea. Niliweka kichujio kilichokata kila kitu chini ya 300, nikabonyeza, nikatarajia kusikia kitu kigeni. Mama alikuwa palepale. Sauti ilikuwa imekonda, lakini noti haikusogea hata kidogo. Nilikagua nyaya, nikabadilisha spika, nikakichora kichujio upya, mpaka saa nane usiku. Kwenye skrini pale penye 220 palikuwa patupu, ilhali masikioni mwangu palijaa.

Nilipotulia ndipo nilipotazama nafasi zilizopo kati ya mitetemo iliyobaki. Kila moja ilipishana na mwenzake kwa 220 ileile, na sikio, likiusoma mpangilio huo, humrudisha lenyewe aliyeondolewa. Ndiyo maana simu ya mezani, isiyopitisha mitetemo ya chini ya 300, hutufikishia sauti nzito ya mwanamume bila kutupotosha.

Basi nikaondoa na 660, na 1100, na 1540, yaani kila tabaka la namba witiri ukihesabu kuanzia 220 (la tatu, la tano, la saba), ili tofauti iliyobaki iwe 440. Noti ikaruka oktavi moja nzima, yaani ikapanda hadi mtetemo maradufu. Pumzi ilikuwa ya mama, na mtikisiko mdogo wa mwisho ulikuwa wake, lakini aliyeimba alikuwa msichana ambaye mimi sikuwahi kumjua. Niliurudia mkanda ule mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Kabla hakujapambazuka nilizinyoosha sekunde zile tisa zikawa dakika nne, nikayarudisha matabaka ya witiri polepole, moja baada ya jingine, hata msichana akakua akawa mama. Hivyo ndivyo utungo wangu wa kwanza unavyomalizika. Ile 220 yenyewe sikuirudisha, na kila anayeusikiliza huisikia.