Mnaocheka keki ya shangazi, someni mpaka chini

Picha imerudi tena. Juzi natoka zamu ya usiku, miguu inawaka moto, nasubiri basi kwenye baridi, nafungua simu nakuta kundi la ukoo lina jumbe mia na ushei. Moyo ukanipasuka. Kwetu kundi likichangamka hivyo ujue kuna msiba. Kumbe binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, ameifukua ile picha ya Desemba, keki imebonyea katikati, juu nyeusi, kingo zimesimama peke yake, akaandika chini: "Chapati ya Birmingham. Oda zinapokelewa." Mpaka wajomba ambao hata Idi hawaitikii salamu, safari hii wameweka vicheko.

Nilimwandikia jibu nikalifuta. Nikaandika jingine nalo nikalifuta, maana ni ndugu na neno likishatoka halirudi. Basi naandika hapa, tena kwa urefu ninaoutaka.

Kwanza tuelewane. Keki ndiyo kazi yangu. Niko jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Birmingham, na chai yao ya alasiri haiendi bila keki. Wazee wa Kiingereza hawana mchezo na jambo hilo. Kuna bibi mmoja mwanawe akija hamkumbuki, lakini keki ikikawia kidogo tu kwenye oveni atakuambia mbele za watu kwamba leo umeikausha. Hao ndio walioninyoosha. Ikitoka nzuri naipiga picha namtumia shangazi Tanga, kama mtoto anayeleta ripoti ya shule. Picha zikawa nyingi, mpaka siku moja akaniambia kwenye simu: "Baba, wazee wa watu unawapikia. Mie mzee wako nitakula lini?"

Neno hilo lilikaa nami zamu nzima. Shangazi huyu ameuza maandazi Ngamiani tangu mimi sijaota meno. Ada yangu, sare, hata hela ya paspoti, vyote vimepita kwenye karai lake la mafuta, na kila aliyemo kwenye kundi lile analijua hilo, wengine wamelelewa na karai hilohilo.

Desemba nikashuka Tanga. Watu wameagiza simu na manukato, mie sanduku langu lina mizani ndogo ya jikoni, vyombo vya kuokea na karatasi za kutandika. Hapo tayari maneno yakaanza, ati mwanaume mzima anatoka Ulaya na mabati ya keki. Nikanyamaza.

Sasa mliozaliwa hapo mnaijua Desemba ya Tanga. Kaskazi inavuma na joto halipungui. Keki ya siagi inaanza kwa kupiga siagi na sukari mpaka viwe vyeupe. Hapo ndipo hewa inapoingia, na hewa hiyo ndiyo keki yenyewe. Siagi inaishika vizuri ikiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 20 hivi. Ndani kwa shangazi ukiitoa kwenye friji, ukigeuka kuchukua mwiko unakuta mafuta. Nikaliweka bakuli juu ya beseni la maji ya barafu, nikapiga hivyo. Unga nao ni habari nyingine. Uingereza unga wa keki unauzwa umeshachanganywa kiwandani na pauda ya kuumulia, mambo ya tangu 1845, alipoupatia hataza mwoka mikate mmoja wa Bristol, Henry Jones. Kwetu unga ni unga, pauda unainunua mbali. Kopo la kwanza nilitia kijiko kimoja kwenye maji ya moto nikaona povu la kivivu, likakata. Unyevu wa pwani ulikuwa umeshalimaliza dukani. Nikamtuma kijana mpaka Mgandini akaleta jingine, hilo likachemka sawasawa. Mayai bei ya trei sitaisema, mnaijua. Siagi halisi ya ng'ombe niliyoilipia siku ile, familia ingekula nyama na kubakiza.

Nasimulia haya yote ili mjue kila kitu kilipimwa. Keki ikaingia kwenye oveni ambayo watoto wa shangazi walimnunulia, naye akaifanya kabati la masufuria. Nyuzi 180. Harufu ya iliki na vanila ikatoka mpaka barazani, shangazi keshakaa na khanga mpya, majirani wanapita wanauliza leo kuna nini.

Umeme ukaenda.

Nyie mnaopika mnaelewa. Keki ilikuwa imeshapanda, lakini mayai na unga havijashikana. Oveni ikipoa wakati huo, hewa ya ndani inasinyaa na hakuna cha kuishikilia. Nilichuchumaa mbele ya kioo na tochi ya simu, naiona inavyoshuka. Ilianza kwa kitobo kidogo cha katikati, kikapanuka, kikawa bonde. Kufungua mlango huwezi, kuacha huwezi. Nyuma yangu mtu anasema subirini, utarudi sasa hivi. Mto Pangani unazungusha mitambo ya umeme Hale na Pangani Falls, mkoa huuhuu wetu, na sisi tunamulika keki kwa simu.

Mama mdogo akasema tuipalie. Haya, wali tunapalia, mkate wa kumimina tunapalia. Jiko la mkaa likawashwa uani, sufuria kubwa ikatiwa mchanga chini, chombo kikakaa ndani, mfuniko, makaa juu. Ingeanzia hapo tangu mwanzo ingeiva, watu wamepika keki hivyo Tanga miaka na miaka. Lakini iliyokwisha kukaa haisimami tena. Juu pakaungua, kingo zikakauka, katikati ukichoma kijiti kinatoka na uji.

Ndipo binamu akapiga picha. Na shemeji mmoja, mtu mzima na koti lake, akauliza kwa sauti watu wote wasikie: "Miaka yote Ulaya, keki tu imekushinda?"

Jamani, neno hili. Kwani Ulaya inamwongezea mtu mkono wa tatu? Huku oveni inawaka toka alfajiri hadi usiku, sijawahi kuona taa ikipepesa. Unga umechanganywa, siagi inakaa mezani ngumu, mashine inapiga yenyewe wewe umesimama. Mtoe mpishi wa huku kwenye hayo yote, mpeleke uani Ngamiani saa saba mchana na gunia la mkaa, uone. Mama anayetoa mikate ya kumimina pale kabla ya adhuhuri, mmoja baada ya mwingine, bila kipimo cha joto, kwa kusogeza makaa tu na kusikiliza, huyo ndiye fundi. Lakini huyo hakuna anayemtangaza kwenye kundi, kwa sababu hajapanda ndege.

Na watu haohao ndio wanaonizidishia mshahara. Aprili 2025 kima cha chini hapa kilipandishwa hadi pauni 12.21 kwa saa. Ukizidisha kwa shilingi unaona tajiri. Zidisha basi na kodi ya chumba, na gesi ya Januari, na nauli, halafu uniambie kilichobaki kinanunua siagi kilo ngapi. Sisemi nateseka. Nalala pazuri, nalipwa kwa wakati, na bosi wangu akikosea saa zangu anasahihisha na kuomba radhi, jambo ambalo kwetu... haya, mnajua.

Na kwa kuwa kila wiki kuna anayeniandikia pembeni kuuliza ile viza ya kutunza wazee: ndugu yangu, mlango huo ulifungwa kwa waombaji wapya kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Kabla ya hapo, tangu 11 Machi 2024, mtunza wazee aliyekuwa anaomba upya alishazuiwa kuja na mke au mume na watoto. Anayekuuzia leo cheti cha udhamini cha kazi hiyo anakuuzia karatasi. Usiuze kiwanja cha Pongwe kwa sababu ya karatasi. Kama una ufundi wako kamili, wenye vyeti, uliza njia nyingine, na uulize serikali yao wenyewe mtandaoni, siyo kijana wa kundi la simu.

Nirudi uani. Shangazi hakucheka na wala hakunipa pole. Alikata ukingo mmoja, akautafuna na chai ya tangawizi, akasema: "Iliki umeiweka sawa." Halafu akamtuma mtoto amwite jirani.

Jirani huyu anapika keki za harusi na maulidi mtaa mzima. Alikuja na kisu na kopo chini ya kwapa, akaiangalia keki yangu kama vile wanafahamiana. Akakwangua palipoungua, akachota uji wa katikati akautupa, kilichobaki akakikata vipande akavipanga kwenye bakuli la kioo la shangazi, lile la kabatini ambalo sisi tukiwa wadogo tulikatazwa hata kuligusa. Kopo lilikuwa la kastadi. Akaikoroga kwanza kwa maziwa ya baridi, ndipo akaimimina kwenye maziwa yanayochemka, mkono hausimami, isifanye madonge. Akaimwaga juu ya vipande ikazama mpaka chini, akapanga embe boribo, akamwaga tena. "Usijali baba," ananiambia, "mie zikinikalia, wanangu ndiyo siku yao ya kufurahi." Nilitoa hela akaisukuma na kiwiko, mikono ina kastadi.

Nikamsimulia habari ya kopo lake, maana kastadi ya unga ilizaliwa Birmingham ninapokaa. Mkemia mmoja, Alfred Bird, mkewe mayai yalikuwa yanamdhuru, basi mwaka 1837 akamtengenezea kastadi isiyo na yai, kwa wanga wa mahindi. Mke yuleyule hamira nayo haikumpenda, na 1843 bwana akatengeneza pauda ya kuumulia mkate bila hamira. Kiwanda cha kastadi bado kimesimama pale Digbeth, siku hizi kina maduka na ofisi za vijana wa sanaa, nikienda kupanda basi la mbali napita pembeni yake. Jirani alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na wanaume wa hivyo walikuwa wanapatikana duka gani?" Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu, ndiyo mara ya kwanza siku ile.

Tulikula ya uvuguvugu maana friji nayo imelala. Shangazi alikula, akaomba tena, akataka ya kuweka. Yule shemeji wa koti alikomba bakuli. Binamu mpiga picha alirudia, kisha akarudia tena, na simu yake ilikuwa mfukoni muda wote huo, ndiyo maana kundini hamjaona picha ya pili.

Wiki iliyopita jirani alinitumia ujumbe wa sauti. Oveni yake namba za joto zimefutika, anazungusha kwa kukisia. Nimemnunulia kipimajoto cha kutundika ndani ya oveni, hakifiki pauni kumi, na kuna mtu anashuka Dar mwezi huu atakipandisha kwenye basi la Tanga. Wa kwenda kukipokea stendi ya Kange ni binamu. Shangazi keshamwambia, na bodaboda atajilipia mwenyewe.